Bakteria Walioapishwa

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yako, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Na ukiiona mahali, nakuomba usinitaje. Jina lake ni Jamhuri Tulivu. Alilitunga Jemadari Lubinza, Baba Mtulizaji, Rais wetu wa kwanza na, kwa hiari yake mwenyewe, wa mwisho. Mimi nilikuwa mtangazaji wa Redio Tulivu. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wananchi mambo waliyoyaona kwa macho yao, ili wajue waliona nini.

Mwaka ninaouzungumzia, Ziwa Kuu liligeuka kijani. Usidhani kijani cha kupendeza. Maji yalikuwa mazito kama mlenda uliolala, na harufu yake iliingia mpaka kwenye vitunga vya mkate. Ng'ombe walikunywa wakafa palepale ufukweni, miguu juu. Kata ya Mchangani ilizika watoto wengi wiki ile, hata seremala wao akaacha kutengeneza vitanda akawa anatengeneza vijeneza tu. Nilitangaza kwamba ziwa limevaa rangi ya bendera ili kumpongeza Baba Mtulizaji kwa siku yake ya kuzaliwa.

Bahati mbaya Baba Mtulizaji alikuwa anasikiliza redio. Alikuja mwenyewe kupokea pongezi, akavuta pumzi kubwa mbele ya wageni, na kiamsha kinywa chote kikaishia juu ya viatu vya Waziri wa Maji. Waziri akafungwa jiwe shingoni akatumbukizwa ziwani kwenda kuchunguza chanzo cha tatizo. Hakurudi na ripoti. Ilipofika jioni Rais alikuwa ameshatangaza vita.

*

Vita vilianza asubuhi kweupe. Mizinga ilipangwa ufukweni, midomo ikaelekezwa majini, na Baba Mtulizaji akavuta kamba ya kwanza kwa mkono wake. Ziwa lilipigwa mpaka adhuhuri. Akina mama waliokuwa wakifua ng'ambo walipigwa pamoja nalo, kwa sababu moshi ulikuwa mwingi na hawakuonekana vizuri, na moshi ulipoondoka walionekana vipandevipande. Nikatangaza kwamba adui amepata hasara kubwa. Alasiri askari wa miguu waliingia maji ya kifua wakiufyeka mwani, ule utando wa kijani, kwa mapanga. Walitoka na malengelenge mwili mzima, wanajikuna huku wanalia, na wengine hawakutoka. Kesho yake ziwa lilikuwa kijani kuliko jana, maana hata maiti ni mbolea.

Daktari mmoja wa hospitali ya mkoa, mtu asiyejua kuishi na watu, akasema hadharani kwamba risasi hazitasaidia. Alisema shida ni fosforasi. Inatoka vyooni, na zaidi inatoka kwenye majitaka ya kiwanda cha sabuni ya unga. Inateremka mpaka ziwani, mwani unaila unanenepa, na mwani ukinenepa unatoa sumu. Kiwanda hicho ni cha shemeji yake Rais. Daktari akashikwa na maradhi ya ghafla, akafa akiwa amevaa pingu.

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na Kanali Mgaza, Mkuu wa Usalama, hakuwa mtu wa kudharau sayansi. Aliamua kwamba kosa si la sabuni, kosa ni la wanaoitumia. Siku iliyofuata askari waliingia mitaani na viboko. Ukikutwa na shati jeupe, ishirini. Ukikutwa umeanika mashuka, mashuka yanachomwa na wewe unavunjwa mkono ule unaofulia. Bibi harusi mmoja alipigwa mbele ya wageni mpaka gauni likapata rangi inayoruhusiwa. Wananchi wakajifunza kunuka. Mimi studioni nilivaa shati moja mwezi mzima, na nilisifiwa kwa uzalendo.

*

Hapo ndipo alipojitokeza Sikudhani.

Alikuwa mhandisi wa majitaka, mwanamke mwembamba wa Mchangani, anayesema polepole na kukutazama usoni, tabia ambayo kwetu ni nusu ya kosa la jinai. Yeye na mumewe Feruzi, fundi cherehani, walikuwa wamemzika binti yao Mashavu katika wiki ile ya seremala. Baada ya matanga alikwenda Ikulu na chupa ya tope la kahawia, akaomba kumwona Rais. Nadhani walimruhusu kwa sababu walinzi hawakutaka kuisogelea ile chupa.

Nilikuwepo na kipaza sauti changu.

"Mheshimiwa," alisema, "ndani ya chupa hii wamo bakteria."

Kanali Mgaza akachomoa bastola. "Wangapi?"

"Hawahesabiki, Afande."

"Wana silaha?"

"Wana njaa tu."

Baba Mtulizaji akaamuru bastola ishushwe lakini isirudishwe. Sikudhani akaeleza. Majitaka yote ya mji na ya kiwanda yapitishwe kwanza kwenye mabwawa mawili kabla ya kwenda ziwani. Bwawa la kwanza lifunikwe, lisiwe na hewa kabisa. Humo bakteria hawa wanataabika, wanaitema fosforasi waliyokuwa wameiweka akiba, wanabaki na njaa kali. Kisha wahamishiwe bwawa la pili, ambako mashine inapuliza hewa mchana na usiku. Wakiipata hewa wanaivamia fosforasi kwa pupa, wanakula kupita mahitaji yao mara nyingi, na maji yanabaki safi.

Kanali alikuwa amesogeza kiti karibu. "Unawanyima hewa kwanza?"

"Ndiyo."

"Halafu unawapa, na wanameza kila kitu?"

"Kila kitu."

"Mheshimiwa Rais," alisema Kanali, macho yanang'aa, "hii si sayansi ya maji. Hii ni idara yangu."

"Na wakishashiba?" aliuliza Baba Mtulizaji.

"Wakishashiba ndipo kazi yenyewe ilipo," alijibu Sikudhani. "Unawatoa mara moja. Unavuta tope lote lililozidi, unalipeleka mashambani, ni mbolea nzuri sana. Walioshiba ukiwaacha mahali pao, na hewa ikapungua, wanatapika vyote walivyokula. Maji yanaharibika kuliko mwanzo."

Waziri wa Fedha alikohoa, Spika akachunguza kucha zake. Ilikuwa mara ya kwanza ndani ya Ikulu neno "kuwatoa" na neno "walioshiba" kutumika katika sentensi moja. Lakini harufu ya ziwa ilikuwa inaingia dirishani, na Baba Mtulizaji alikuwa hajala vizuri tangu siku ya pongezi. Akakubali.

*

Mgeni asiyeijua nchi yetu atashangaa kidogo kwa jambo linalofuata, ila sisi tumelizoea. Katika Jamhuri Tulivu hakuna mradi unaoanza bila dhamana ya mwili. Mwenye mradi anatoa mtu wake wa karibu, anafungiwa Ngomeni mpaka siku ya uzinduzi, na siku hiyo mdhamini ndiye anayeujaribu mradi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama wa mhandisi wa Daraja la Ukombozi alilazwa chini ya daraja wakati malori ya kwanza yanapita. Daraja lina bamba lenye jina lake. Mwana wa mjenzi wa Mnara wa Amani alisimamishwa kileleni, na mnara sasa haupo, wala huyo mwana. Mradi wa maji una utaratibu mwepesi zaidi: mdhamini anakunywa jagi zima la maji ya mradi mbele ya Rais. Akibaki hai, mradi umepokelewa.

Mwanzoni watu walikuwa wakiwatoa mama wakwe zao, kwa hiyo sheria ikarekebishwa.

Sikudhani hakuwa na mtu mwingine ila Feruzi. Walimchukua dukani kwake, kipimo cha utepe bado kimemning'inia shingoni. Alikuwa mtu mnene kidogo, mpole, mcheshi, na alipenda chakula cha mkewe kuliko kitu chochote duniani. Alipopandishwa kwenye gari mkewe alimshika kola.

"Nisamehe, Baba Mashavu."

"Kazi unaijua?"

"Naijua."

"Basi nenda kafanye. Mimi nitakaa tu, si kazi ngumu." Akajitahidi kucheka. Askari akamkata kofi, kwa kuwa dhamana haichekeshi.

*

Mabwawa yalijengwa nyuma ya soko, na lazima niseme yalifanya kazi. Sikudhani alilala palepale kwenye kibanda cha mabati. Aliwalea bakteria wake kama mama mwenye mapacha wagonjwa. Alipima, alionja hewa, aliitukana mashine ya kupuliza hadi ikaogopa kuzimika. Polepole maji ya bwawa la pili yakaanza kuonyesha chini. Vijana wa sokoni walikuja kuona vidole vyao vya miguu ndani ya maji, kitu walichokuwa wamekisahau.

Wakati huohuo Kanali Mgaza naye alikuwa anaendesha mradi wake Ngomeni. Alichimba bwawa dogo kwenye chumba cha chini. Wafungwa walizamishwa vichwa mpaka miguu ilegee, kisha wakainuliwa, na wakati huohuo wa kuitafuta hewa wakasomewa wanachotakiwa kukubali. Walimeza kila kitu. Mmoja alikubali kwamba aliliua ziwa kwa jicho baya. Mwingine alikubali kuwa yeye ni mwani. Wachache walikosa bahati, wakafa katika awamu ya kwanza. Kanali aliwaambia mabalozi kwamba nchi yetu imepiga hatua katika teknolojia.

Nilitumwa Ngomeni kurekodi sauti za wadhamini wenye furaha. Feruzi nilimtambua kwa kile kipimo cha utepe, ambacho sasa kingeweza kumzunguka mara mbili. Alikuwa ngozi na mifupa, na kila mlango ulipolia alivuta pumzi na kuizuia, mashavu yamevimba, mpaka alipohakikisha hakuna anayekuja kumchukua.

"Wewe si mfungwa," nilimwambia. "Kwa nini wanakuzamisha?"

"Kanali anasema ni mazoezi. Anasema lazima nizoee maji." Alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Kaka, mwambie mke wangu aharakishe. Mwambie nitafanya chochote wanachotaka, chochote kabisa. Nina njaa."

Niliondoka pale nimeshikwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Nikaipeleka nyumbani, nikalala nayo. Redioni tulipiga wimbo.

*

Siku chache kabla ya uzinduzi Baba Mtulizaji alikwenda kukagua. Alitazama maji, akaona uso wake mwenyewe ndani yake, akasimama hapo muda mrefu akiufurahia. Kisha Sikudhani akamwekea tone la tope chini ya hadubini.

"Hivi vidoadoa vinene ndani yao ni nini?"

"Ni fosforasi, Mheshimiwa. Wameshiba. Leo jioni nawatoa."

Rais hakusikia sentensi ya pili. Alikuwa ameguswa. Alipoinua kichwa alikuwa na machozi.

"Nimeongoza nchi hii maisha yangu yote," alisema, na mimi nikasogeza kipaza sauti, "na sijawahi kupata watumishi kama hawa. Wanakula bila kunung'unika. Wananenepa bila kuringa. Hawaandamani, hawaandiki magazetini, hawaulizi bajeti. Hawa ndio Jamhuri Tulivu yenyewe! Kuanzia sasa wote ni Watumishi Waandamizi wa Taifa. Waapishwe!"

Ikaletwa Katiba, likaletwa zulia jekundu likatandikwa ukingoni mwa bwawa. Kukatokea tatizo dogo la kisheria kwa sababu kiapo kinataka mkono wa kulia. Mwanasheria Mkuu akaamua kwamba ukimya ni ridhaa, kama ilivyo kwa wananchi wengine. Bwawa likasomewa kiapo, halikupinga, likavishwa nishani. Nishani ilizama.

Na Katiba yetu ni fupi. Inasema kwamba aliyeapishwa hatolewi kwenye nafasi yake mpaka afe, na atakayemtoa atakufa yeye.

"Mheshimiwa!" Sikudhani alipiga magoti juu ya lile zulia. "Lazima watoke leo. Wakibaki watatapika. Mume wangu ndiye atakayekunywa maji haya!"

"Mhandisi," alisema Kanali Mgaza, kwa upole kabisa, kama anayemweleza mgeni njia, "nani katika nchi hii ametolewa kwenye kiti akiwa ameshiba?"

Alipofungua mdomo kujibu, askari alimpiga kitako cha bunduki. Meno mawili ya mbele yakadondoka kwenye zulia, na hayakuonekana sana, kwa kuwa zulia lilikuwa jekundu.

Kisha ulinzi ukawekwa kuzunguka bwawa lote, bunduki zikitazama nje. Na jambo la mwisho, ambalo bado nikilikumbuka natamani kumpiga mtu: Spika alilalamika kwamba ile mashine ya kupuliza inawasumbua Waandamizi kwa kelele. Walioapishwa wana haki ya kupumzika. Wakaizima.

*

Ungemwona Sikudhani kesho yake ungedhani amerukwa na akili. Alikuwa amekaa nje ya mstari wa walinzi, kitambaa mdomoni, anatazama maji yanavyoanza kuwa na ukungu. Kila saa iliyopita bila hewa ilikuwa inamkaribisha mumewe kwenye jagi. Alijaribu kumwona Waziri wa Fedha akafukuzwa na mbwa. Alijaribu kupenya kati ya walinzi akapigwa mpaka akazimia, akamwagiwa maji, akarudi kukaa palepale. Nilimpelekea uji. Hakunishukuru, aliniuliza kitu.

"Hivi Waziri akitaka kwenda kutibiwa nje, anaruhusiwa na nani?"

"Haruhusiwi na mtu," nilisema. "Aliyeapishwa hatolewi, ila kusafiri anasafiri. Inaitwa safari ya kikazi. Walinzi wanapiga saluti tu."

Alikunywa uji wote.

Siku iliyofuata saa sita mchana, jua la utosi, msafara uliingia nyuma ya soko. Mbele pikipiki ya jirani wa Sikudhani yenye king'ora kilichoazimwa. Nyuma yake gari la kunyonya majitaka, limeoshwa, limefungwa bendera mbili za taifa mbele na pazia kwenye vioo. Sikudhani alishuka amevaa koti la mumewe la sherehe, ambalo lilimpwaya mabegani.

"Waheshimiwa Waandamizi wanasafiri," alitangaza, na kwa pengo lile maneno yalitoka na mluzi. "Safari ya kikazi. Ng'ambo ya mto, kukagua mashamba. Mnawachelewesha!"

Mkuu wa walinzi hakuuliza neno. Alikuwa na watoto. Akapiga saluti, kikosi kizima kikapiga saluti, bomba likateremshwa, na tope lote lililozidi likavutwa huku tarumbeta inalia. Alibakiza kidogo tu cha kuendeleza kizazi. Mashine akaiwasha mwenyewe, na walinzi walipomtazama alisema hiyo ni ngoma ya kuwaaga. Msafara ukaondoka polepole, bendera zinapepea, mpaka mashambani ng'ambo ya mto, ambako Watumishi Waandamizi wa Taifa walimwagwa kwenye matuta ya mchicha.

*

Siku ya uzinduzi watu walijaa tangu asubuhi. Jukwaa lilijengwa ukingoni mwa mabwawa, likapambwa, na Baba Mtulizaji akahutubia mpaka vivuli vikahama upande. Kisha Feruzi akaletwa. Walikuwa wamemwogesha na kumvalisha shati jeupe, ambalo siku hiyo liliruhusiwa. Alitembea kama mtu anayekanyaga miiba. Sikudhani alikuwa mbele kabisa ya umati, mikono ameibana kwapani.

Jagi likachotwa bwawa la pili. Maji yalikuwa meupe, safi, unaona mkono wa askari upande wa pili. Feruzi aliyatazama, akavuta pumzi na kuizuia, mashavu yakavimba, na palepale mbele ya taifa akashindwa kunywa. Kanali akamgusa bega kwa kidole kimoja tu. Akanywa. Alikunywa yote bila kupumua, yakamwagika kifuani, na tukangoja. Baba Mtulizaji alikuwa ameshika saa. Wanawake walikuwa wanaomba kwa sauti ya chini.

Feruzi akajifuta mdomo, akasema, "Naomba jingine."

Umati ulilipuka. Sikudhani alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti, bila aibu, na mimi pia nililia, na nilisahau kukizima kipaza sauti. Baba Mtulizaji alimkumbatia Feruzi, akasema huyu ni mtu aliyeyameza maji ya taifa, na kwa kuwa Wizara ya Maji haikuwa na mwenyewe, akamwapisha hapohapo. Mkono wa kulia juu. Mkanda wa heshima begani. Wakampeleka hemani kwenye chakula, pilau ya mbuzi, kuku wa kuchoma, na sahani zinazojazwa kabla hujaomba.

Huku nyuma wageni wa kibalozi wakaomba kuwasalimia Waandamizi. Hadubini ikaletwa. Kanali akainama, akatazama. Akachota kwingine, akatazama tena.

"Wako wapi?"

"Safarini, Afande," alisema mkuu wa walinzi. Hilo ndilo neno lake la mwisho, kwa sababu Kanali alimpiga risasi ya shingo alipokuwa bado amepiga saluti. Dereva wa gari la majitaka alizamishwa mara moja tu akasema ukweli. Walitumwa wanajeshi mashambani. Walirudi na mchicha mnono kuliko wowote niliowahi kuuona, kama ushahidi.

Sikudhani akakokotwa mbele, na kesi ikasikilizwa jukwaani ili viti visihamishwe.

"Unashtakiwa," alisoma Mwanasheria Mkuu, "kwa kuwatoa kwenye nafasi zao Watumishi Waandamizi, wakiwa wameshiba na wakiwa hai."

"Maji mmeyaona?" aliuliza Sikudhani. Uso wake ulikuwa umevimba, damu inamtoka sikioni.

"Maji si sehemu ya kesi hii."

Akahukumiwa kuwekwa bwawa la kwanza, lile lisilo na hewa. Mfuniko ukafunguliwa. Wakamfunga mikono nyuma, wakamning'iniza kwa winchi juu ya shimo, jiwe miguuni. Na kwa kuwa bwawa ni mali ya Wizara ya Maji, utaratibu ulitaka ishara itolewe na Waziri.

Wakaenda kumwita hemani.

Feruzi alikuja amevaa suti mpya, bado anatafuna. Midomo iling'aa mafuta. Alipomwona aliyening'inia alisimama ghafla, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Akamtazama Baba Mtulizaji, aliyekuwa anatabasamu. Akatazama lile shimo jeusi. Kanali Mgaza alisimama nyuma yake. Nilisogea na kipaza sauti, kwa kuwa nilitaka aseme hapana na nchi nzima isikie. Nilikuwa na hakika atasema. Mtu huyu alikuwa hai kwa ajili ya mwanamke yule.

Sikudhani alimtazama mumewe kwa muda, suti ile, mifupa ya mashavu iliyochomoza. Hakumwomba kitu. Alimsemesha kwa sauti ya nyumbani kabisa, ile ya mtu anayefungua mlango jioni, na kipaza sauti changu kikaichukua mpaka vijijini.

"Umekula?"

Waziri akameza kilichokuwa mdomoni.

"Nimekula, Mama Mashavu."

"Haya," alisema mkewe.

Waziri akainua mkono, ukabaki juu kwa muda ambao bado nauota. Kisha ukashuka, na mnyororo wa winchi ukalia mpaka chini, na mfuniko ukafungwa.

Nilimchukia. Nilimwonea huruma pia, na hiyo nikaichukia zaidi. Watu walisimama bila kupiga makofi mpaka askari walipoanza kuwahesabu wasiopiga. Mheshimiwa Waziri akasema koo limemkauka. Wakamletea maji ya bwawa la pili kwenye glasi ya Ikulu, akanywa, akasema ni matamu.